Leso, Kibebeo na Pumzi ya Mtoto

Mama aliyejifungua juzi Malindi au Kilifi mjini, akitaka kumbeba mwanawe huku mikono ikibaki huru, ana njia mbili. Ya kwanza ni leso, ambazo huenda anazo doti kadhaa kabatini, nyingine alitunzwa siku ya harusi. Ya pili ni kibebeo cha dukani, kile cha mikanda, sifongo na vifungo vya plastiki, kinachouzwa katika maduka ya vitu vya watoto, katika kurasa za Instagram za wauzaji wa Mombasa, na mara mojamoja kikiokotwa kwenye marundo ya mitumba. Bei zake hazikaribiani kabisa. Leso ni shilingi mia kadhaa. Kibebeo ni elfu kadhaa, na chenye jina kubwa la Ulaya wengi hukiona picha tu. Kwa hiyo watu hudhani kwamba tofauti ya bei ndiyo tofauti ya usalama. Mwenye leso huona haya, kana kwamba anambahatisha mwanawe, na mwenye kibebeo hujiona amemaliza kazi pale alipolipa.

Wote wawili wanakosea. Kinachomlinda mtoto ni njia yake ya hewa kubaki wazi, mwili wake kushikwa sawasawa, na aina ya kazi anayoifanya aliyembeba. Mambo hayo matatu hayamo ndani ya boksi la kibebeo, na leso nayo haiji nayo. Tena hatari zinazomkabili mtoto wa Ganze au Watamu si zile tu zilizoandikwa kwenye kijikaratasi cha maelekezo kutoka Ulaya. Nyingine ni za hapa hapa kwetu, na hakuna kiwanda kilichoziandika.

Tuanze na umri, maana ndiko kwenye vifo. Machi 2010 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, CPSC, iliwaonya wazazi kuhusu mbeleko za begani baada ya kuhesabu vifo 14 vya watoto katika miaka 20. Kati ya hao 14, 12 walikuwa hawajatimiza miezi minne. Kabla ya mwezi huo kwisha, kampuni ya Infantino ikarudisha kutoka sokoni mbeleko zake kama milioni moja za aina ya mfuko, zilizohusishwa na vifo vitatu. Kanuni ya lazima ilitoka mwaka 2017, ikaanza kutumika Januari 2018, na wakati inaandikwa majalada ya tume yalikuwa na matukio 159 yaliyoripotiwa tangu 2003, 17 kati yake yakiwa vifo. Kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, idadi hiyo si ya kumfanya mtu akose usingizi. Naitaja kwa sababu ya umri ule, chini ya miezi minne, na kwa sababu ya namna walivyokufa.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kupita kiasi kwa mwili wake, na shingo haina nguvu ya kukirudisha kikianguka mbele. Kidevu kikilala juu ya kifua, koo hukunjika, na njia ya hewa iliyokuwa nyembamba tangu mwanzo huwa nyembamba zaidi. Namna ya pili ni uso kuzibwa, na kitambaa au na kifua cha mama mwenyewe. Katika hali zote mbili mtoto halii. Kulia kunataka hewa, naye hana. Aliyembeba huhisi mtoto ametulia, hudhani amelala, akaendelea na shughuli zake. Ndiyo maana mbeleko ya aina ya mfuko, ambamo mtoto hulazwa kama nazi ndani ya kikapu, mgongo umepinda na kidevu kimebanwa kifuani, ni kibebeo ambacho sina neno jema hata moja juu yake. Ukipewa zawadi, mshukuru aliyekupa, kisha kitambaa chake kitafutie kazi nyingine.

Wazee wa Pwani hawakuingoja tume ya Marekani. Mavyaa akimwona mke wa mwanawe anashika leso mapema, humkatiza: "Mkaza mwanangu, huyo bado. Shingo haijakaza, mpakate tu." Katika nyumba za Waswahili mzazi hukaa ndani siku arobaini, na baada ya hapo mtoto huendelea kupakatwa au kushikwa mikononi mpaka kichwa kisimame. Kusimama huko hutokea kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Kwa hiyo desturi na takwimu zinakutana karibu kwenye mstari uleule, na sioni sababu ya kuibeza desturi hiyo.

Shida ni kwamba desturi hiyo iliwekwa kwa nyumba yenye watu. Ndani mna nyanya, shangazi, dada mkubwa, na mzazi hunyanyuliwa hata maji ya kuoga. Anayeuza samaki wa kukaanga Mayungu, au anayefanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, hana safu hiyo ya mikono. Wiki ya sita yuko kazini, mtoto yuko mgongoni, shingo bado ni laini. Ukimwambia "usimbebe mgongoni" na ukaishia hapo, hujamsaidia, umemwongezea majuto tu. Anahitaji kuambiwa ambebe vipi.

Jibu lipo, na lilianzia mbali. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na mashine chache za kuwapa joto. Akawafunga watoto kwenye vifua vya mama zao. Mtindo huo ukaitwa wa kangaruu, na leo unafundishwa katika hospitali za Kenya kama ilivyo katika nchi nyingine. Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isikunjike. Mapaja yamepanuka, magoti yamepanda. Kisha kitambaa huzungushwa kwa nguvu, ukingo wake wa juu ukiishia chini tu ya sikio la mtoto, na sehemu iliyokaza ikawa kifuani, si tumboni, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa tumbo.

Matokeo yake yamepimwa. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwafuata watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki katika siku 28 za mwanzo. Walioanza kwa mashine na kusubiri mpaka watengemae, waliofariki walikuwa asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika hilo likashauri watoto wote wa namna hiyo wapewe huduma ya kangaruu saa 8 hadi 24 kwa siku.

Sasa tazama mambo yalivyopinduka. Mama wa mtoto wa kilo moja na nusu hufundishwa wodini, na muuguzi, jinsi ya kumfunga mwanawe mbele. Mama wa mtoto wa kilo tatu na nusu, mwenye afya tele, hurudi nyumbani bila kufundishwa chochote, na ndiye atakayempachika mgongoni wiki ya sita. Mbinu ni ileile. Mtoto mzima wa miezi miwili akiwa na nguo yake nyepesi anaweza kubebwa mbele, wima, kwa leso mbili au kwa kitambaa kirefu cha kuzungushia, na mama akauona uso wake muda wote. Kwa kazi ya kuinama mbeleko ya mbele inasumbua, sikatai. Kwa kutembea, kuuza dukani, kupanga foleni au kukaa kwenye tuktuk, haina tatizo.

Shingo ikishakaza, leso ya mgongoni huingia mahali pake, na hapo kwa kweli ni vigumu kuishinda. Mtazame aliyezoea. Kwanza humpachika mtoto ubavuni, kiunoni, akiwa amemshika kwapani. Huinama mpaka mgongo ulale, akamtelezesha hadi katikati, na mkono mmoja haumwachi. Leso huitupa juu yake, ukingo wa juu ukifika makwapani mwa mtoto au mabegani, wa chini ukishuka kupita makalio. Halafu hufanya jambo ambalo anayejifunza huwa halioni: huusukuma ukingo wa chini ndani, kati ya tumbo la mtoto na mgongo wake, mpaka leso imshike chini ya mapaja kutoka goti hadi goti na magoti yapande juu kuliko makalio. Mtoto amekalia leso, haning'inii. Ncha moja hupitishwa juu ya bega na ya pili chini ya kwapa, au zote mbili chini ya makwapa, zikafungwa kifuani. Kabla ya kusimama hujitikisa kidogo, ili kama kuna kilicholegea, kilegee yeye akiwa bado ameinama.

Anayejifunza afanyie juu ya kitanda au apige magoti kwenye mkeka, na mtu asimame nyuma yake. Ncha zifungwe fundo, na fundo la pili juu yake. Kuviringa na kuchomeka tu, kama mtu avaavyo leso kiunoni, si kufunga mtoto. Leso yenyewe iwe ya pamba. Zile za poliesta zenye rangi kali ni nyepesi na hazichuji, lakini fundo huteleza na jasho halipiti. Leso mpya ya pamba nayo huja na wanga. Ni ngumu na inateleza, basi ifuliwe mara kadhaa kwanza, tena hapo rangi itamaliza kuchuja kwenye beseni badala ya kuchuja kwenye ngozi ya mtoto. Iliyochakaa iinuliwe juani itazamwe. Ikipitisha mwanga katikati kuliko pembeni, imeshakuwa ya kufutia vyombo.

Kuna tuhuma moja ambayo leso imebebeshwa miaka mingi, nayo ni matege. Utaisikia Shela na utaisikia Mtwapa: usimbebe mtoto mgongoni, miguu itapinda. Si kweli. Karibu kila mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa sababu ya alivyojikunja tumboni, na hunyooka yenyewe akikaribia miaka miwili. Inayobaki imepinda au kuzidi kupinda mara nyingi inatokana na mifupa kukosa vitamini D na kalsiamu, na dawa yake iko hospitali, haiko katika kuificha leso. Kuhusu nyonga, ushahidi unaelekea upande wa leso. Katika hospitali ya Beit CURE ya Blantyre, Malawi, madaktari walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa kati ya 2002 na 2012, wasimwone hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji kwa nyonga iliyokua nje ya pango lake. Wakahusisha jambo hilo na desturi ya kubeba watoto mgongoni mapaja yakiwa yamepanuka. Japani iliendea upande wa pili. Watoto walikuwa wakifungwa miguu ikiwa imenyooka, tatizo la nyonga likawa jingi, na kampeni iliyoanza mwaka 1975 ya kuacha miguu ikunjike kwa uhuru ikalipunguza sana. Anayenyoosha miguu ya mtoto na kuibana pamoja, akidhani anamwepusha na matege, ndiye anayeitafutia nyonga balaa.

Hata hicho kibebeo cha kisasa, ukikifuatilia kwao, kina ukoo hapa barani. Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani aliyejitolea Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona wanawake wakifunga watoto kwa kitambaa. Aliporudi kwao alijaribu kumfunga bintiye vivyo hivyo, mtoto akawa anateleza. Akamwomba mamake amshonee mfuko wenye mikanda, na mwaka 1969 akapata hataza. Bidhaa hiyo, Snugli, ndiyo iliyowafungulia Wamarekani soko la vibebeo laini. Mikanda na vifungo viliwekwa kwa ajili ya mtu asiyejua kufunga. Hilo si kosa; baba wengi wa Kilifi wasingekubali kuonekana barabarani na leso kifuani, lakini kibebeo cheusi chenye mikanda wanakivaa bila wasiwasi. Mama mwenye mgongo mbovu naye hufaidika, maana mkanda wa kiunoni huhamishia uzito kwenye nyonga.

Anayenunua, basi, asitazame jina. Atazame kiti. Kitambaa kinachopita kati ya miguu kiwe kipana kutoka goti hadi goti. Kilicho chembamba humwacha mtoto akining'inia kwa kinena. Alama ya uzito na umri iwepo na isomeke. Chenye kiti kigumu cha nyongani, ambacho siku hizi kinapendwa sana, ni cha mtoto anayeketi mwenyewe, yaani kuanzia miezi sita hivi, na kile kisicho na mikanda ya mabegani kinataka mkono mmoja umshike mtoto saa zote. Kumgeuza mtoto atazame mbele, miguu ikining'inia, kunafaa kwa dakika chache tu mwili ukishapata nguvu, na akisinzia ageuzwe mara moja, kwa kuwa kichwa kitaanguka mbele na wewe humwoni.

Mitumba ina mambo yake. Siikatai, kwa sababu humo hupatikana vibebeo vizuri kwa bei ya mchele. Lakini vingine vinauzwa kwa sababu mwenyewe alivitilia shaka, na vingine viliwahi kurudishwa na kiwanda. Vuta kila mkanda kwa nguvu pale uliposhonewa. Funga na fungua kila kifungo, usikilize kama kinagonga, kisha kivute bila kukibonyeza. Plastiki iliyopauka na kuwa kama na unga imeshaliwa na jua. Mbeleko za pete nazo zinataka jicho hapa Pwani, kwani hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Pete halisi zake hutengenezwa kwa alumini au nailoni imara, bila kiungio. Anayeshonesha kwa fundi akaweka pete ya chuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi atakuwa na kutu kabla ya mtoto kutambaa, na ile pete yenye mshono inaweza kufunguka. Kwa kipya, uliza alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, lakini usikome hapo. Alama haikufungii mtoto.

Joto ndilo linalonifanya niegemee leso waziwazi. Kibebeo cha sifongo kilibuniwa kwa watu wa baridi. Februari na Machi, kabla masika hayajashuka, mtu mzima Malindi anatafuta kivuli saa nne asubuhi, na mtoto aliyefungwa kwenye tabaka tatu za kitambaa juu ya mwili wa mama wenye jasho hana pa kukimbilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aga Khan wamezungumza na wanawake wa Kilifi kuhusu joto wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, na picha wanayoitoa ni ya mwanamke anayeteka maji na kukata kuni juani karibu mpaka siku ya kujifungua, kisha anayarudia hayo na mtoto. Leso moja ya pamba ni tabaka moja. Hesabu mwili wako kuwa nguo moja ya mtoto, na umvishe kwa hesabu hiyo. Pima joto lake kwa kumgusa kisogo, siyo mikono. Mnyonyeshe mara kwa mara. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji mengine.

Na zile shali za sufu na kofia za uzi adhuhuri, jamani, zina kazi gani Pwani? Wengine humfunika mtoto uso kabisa kwa kuogopa vumbi, jua au jicho la mtu. Sitabishana na mtu juu ya jicho. Ila kivuli kinatosha, kiwe cha mwavuli au cha upande wa leso ulioinuliwa mbali na pua, na anayetaka kinga nyingine aiweke popote isipokuwa puani na mdomoni.

Waingereza wana kanuni tano zilizotungwa na watengenezaji na wauzaji wa mbeleko, zinazonukuliwa kila mahali: mbeleko ikaze, uso uonekane ukitazama chini, kichwa kiwe karibu kiasi cha kukibusu, kidevu kisiguse kifua, mgongo ushikwe. Ni nzuri, na kwa mtoto wa mbele sina la kuongeza. Lakini mbili kati yake hazimhusu mtoto wa mgongoni hata kidogo. Huwezi kumwona, wala huwezi kumbusu. Anayezifundisha kanuni hizi Bamba au Marafa kama zilivyo atawaacha wasikilizaji wakijiuliza kama wanamuua mtoto kila siku. Mgongoni hutumika vitu vingine: mtoto abebwe juu, kichwa kikifika usawa wa mabega ya mama na si chini kiunoni, mama ahisi pumzi na mjongeo wake, anayepita aulizwe, "Hebu nitazamie huyu, amekaaje?" Kamera ya simu nayo ni kioo kizuri. Mtoto akilala, kichwa kilazwe shavu juu ya mgongo, na kitambaa kisipande kupita kisogo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye zile hatari ambazo hazimo kwenye kijikaratasi. Bodaboda ni ya kwanza. Sheria ya trafiki inamruhusu abiria mmoja, na mtoto mgongoni mwa mama huhesabiwa kama hayupo. Ukianguka chali, ndiye anayefika chini kwanza. Ncha ya leso au ya buibui ikiachwa ipepee inaingia kwenye nyororo au gurudumu, na leso ileile imemzunguka mtoto. Ukimweka mbele, anabanwa kati yako na jaketi la dereva. Nimeombwa mara nyingi nitaje namna iliyo salama, na jibu langu limebaki lile lile, kwamba haipo. Lipa tuktuk au ngoja matatu. Penye njia ambayo ni pikipiki tu inapita, ncha zote zichomekwe ndani kabisa, dereva aambiwe aende polepole, na usione haya kumsimamisha ili umtazame mtoto. Ndani ya gari mtoto atolewe mgongoni, kwani ukiegemea kiti unamponda.

Jikoni kuna moshi na mafuta. Mama wa mahamri na viazi karai hufanya kazi yake juu ya karai la mafuta ya moto, mtoto akiwa nyuma, na mkono wa mtoto wa miezi minane hufika mbali kuliko unavyodhani. Moshi wa kuni haumjui mama wala mtoto. Shambani hatari ni dawa ya kunyunyiza, kisimani ni kuinama. Katika saa hizo mtoto ashushwe, hata akilia. Kisha kuna mlezi mdogo: msichana wa miaka minane aliyefungiwa mdogo wake mgongoni ili mama apate nafasi. Desturi hii ni ya zamani na siwezi kuipuuza, imelea wengi wetu. Lakini mtoto huyo hawezi kuinama na kumshusha mwenzake peke yake, na akianguka hawezi kumkinga. Ambebe akiwa uani, mkubwa akiwa karibu, na asitumwe dukani naye.

Limebaki jambo moja jipya, nalo linatugusa moja kwa moja. Mbu hawangoji mtoto aingie chini ya neti. Jioni mama anapopika uani, mtoto yuko mgongoni, mikono na miguu iko nje. Huko Kasese, magharibi mwa Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mbarara na wenzao wa Marekani waliwachukua mama 400 na watoto wao wa kama miezi 6 hadi 18. Wote wakapewa neti mpya. Nusu wakapewa leso zilizochovywa permethrini, dawa ya kuua wadudu, nusu leso zilizochovywa maji, na kazi hiyo ikarudiwa kila baada ya wiki nne. Katika wiki 24, malaria kwa watoto wa leso zenye dawa ilipungua kwa asilimia 66. Waliopata vipele kati yao walizidi kidogo wale wa leso za maji, ila vipele hivyo havikuwa vikali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025.

Msomaji wa Kilifi atakumbuka kwamba dawa hiyo si ngeni hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 neti zilizochovywa permethrini zilijaribiwa katika vijiji vya Kilifi na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, vifo vya watoto vikashuka kwa theluthi moja, na majaribio hayo ni miongoni mwa yale yaliyoupa ulimwengu neti tunazogawiwa leo. Jaribio la Kasese ni moja, tena la eneo moja, kwa hiyo mtu asikimbilie duka la dawa za mifugo akanunua chupa na kuchovya leso mwenyewe. Kipimo kikizidi, mtoto ndiye anayekinyonya kwa ngozi na kwa mdomo. Lakini kama kuna kaunti inayostahili kudai jaribio la pili lifanywe kwake, ni hii.

Kabla ya hapo, kuna jambo lisilohitaji fedha za utafiti. Katika kliniki za watoto mama hufungua leso, mtoto hupimwa uzito, huchomwa chanjo, hurudishwa mgongoni, na hakuna anayetazama amefungwaje. Ratiba ya chanjo ya Kenya huwaita wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6 ni wakati wa kumfundisha mama kumfunga mtoto mbele. Wiki ya 14 shingo inakaribia kukaza, leso ya mgongoni iko mlangoni. Wauguzi wetu wa Malindi, Kilifi, Magarini na Ganze, nawaomba siku hizo mbili, mkishamaliza sindano na kabla hamjamwita anayefuata, mmwambie mama: "Hebu mfunge, nikuone."